Treni ya Pwani Kwenye Ishara ya Makongeni

Mimi ni mwanamke, lakini muda wote wa kazi yangu niliitwa Bwana Afya. Mwanzoni nilijaribu kuwasahihisha watu. Niliwaomba waseme Bi Afya, au Afisa wa Afya, au hata Wanjiru tu, jina nililorithi kwa nyanya yangu. Mama mmoja alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamwita mumewe aliyekuwa ndani: "Baba Kamau, toka. Bwana Afya amekuja, na leo ni mama." Nikaacha siku hiyo hiyo.

Sasa nimestaafu, na vijana wa ofisini ambao bado wanazunguka mitaani na daftari wamenitaka niwaandikie kazi ilivyokuwa. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa, mishahara ilikuja kwa wakati, na sioni funzo lolote katika hayo mawili.

Niliajiriwa miaka ya sabini ikiwa bado michanga, nikiwa msaidizi wa afya katika nyumba za wafanyakazi wa reli, Makongeni, Nairobi. Siku ya kwanza nilikabidhiwa tochi, bomba la kupulizia dawa ya mbu, daftari la jalada gumu, na buti za mpira zilizotengenezwa kwa ajili ya mwanamume mwenye miguu mirefu kuliko mlango wa nyumba yetu. Tena nilipewa upawa mweupe wenye mpini mrefu, wa kuchotea maji ya mtaroni ili kuona kama yana viluwiluwi vya mbu. Mama yangu alipouona upawa ule aliniuliza kama nimesoma mpaka kidato cha nne ili niende kuipakulia mitaro supu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kilonzo, mkaguzi aliyekuwa ameanza wakati wa wakoloni. Alikuwa mwembamba, mwenye koti la kaki na fimbo ya kupimia kina cha mitaro. Alisema kwamba amewaona Wazungu wakiharisha na Waafrika wakiharisha, na tofauti aliyoiona ni karatasi tu. Ripoti yangu ya kwanza ilikuwa na maneno "harufu mbaya sana." Aliyakata kwa kalamu nyekundu, akaniuliza, "Mbaya kwa kilo ngapi?" Akaniambia niandike ninachokiona kwa macho, na ninachokinusa niwaachie wenye nyumba. Harufu, alisema, kila mtu huikana, hata anayeitoa.

Jambo la pili nilijifunza mwenyewe. Vyoo vya Makongeni vilikuwa vya pamoja, safu moja kwa nyumba nyingi, na milango mingi ilikwisha kupoteza komeo. Watu hawakungoja makomeo mapya. Walikuwa na sheria yao: ukifika mlangoni unakohoa, na aliye ndani naye anakohoa. Hakuna kusema hodi, kwa sababu hodi hujibiwa karibu. Wiki yangu ya kwanza nilikuwa na mafua, nikapita mbele ya safu ile nikikohoa, na milango minne ikanijibu. Nilidhani ni ugonjwa wa mlipuko. Nilikuwa nimeshafungua daftari Mzee Kilonzo aliponishika mkono.

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa hiyo: mitaro, panya, mapipa ya taka, na bucha lililoning'iniza nyama dirishani ili nzi waione kwanza. Sasa niwaeleze kuhusu treni.

Nyuma ya safu ya mwisho ya nyumba kulikuwa na uzio wa waya, halafu kijia, halafu kipande chembamba cha shamba, halafu reli. Hapo ndipo ulipokuwa mlingoti wa ishara. Mkono wake wa chuma ukiwa umenyooka, treni inasimama. Ukiinama, treni inaendelea mpaka stesheni kuu. Kila asubuhi treni ya abiria kutoka pwani ilifika pale ikakuta mkono umenyooka, maana stesheni kuu ilikuwa haijaipatia nafasi. Ilisimama robo saa, na mara nyingine nusu saa.

Kwa nyinyi vijana, lazima nieleze kwamba vyoo vya mabehewa wakati ule havikuwa na tangi. Chini ya bakuli kulikuwa na bomba, na chini ya bomba kulikuwa na Kenya. Ndani ya kila choo palikuwa na kibao kinachokataza kutumia choo treni ikiwa imesimama stesheni. Abiria wameamka, wamekunywa chai, treni imesimama, wanachungulia dirishani: stesheni hawaioni. Wanaona Makongeni tu. Basi walikuwa wakiitii sheria neno kwa neno.

Katika nyumba ya mwisho kabisa aliishi Mama Atieno. Mumewe, Baba Atieno, alikuwa mhudumu wa mabehewa katika treni hiyo hiyo. Asubuhi za zamu yake alisimama nyuma ya nyumba yake mwenyewe, mlangoni mwa behewa, akimpungia mkewe mkono, huku behewa likiendelea na shughuli zake chini. Kile kipande cha shamba kando ya reli kilikuwa cha Mama Atieno. Sukuma wiki zake zilikuwa na majani mapana kama miavuli. Wanawake walitoka mtaa jirani wa Kaloleni kuja kuzinunua, mpaka walipogundua treni inasimama wapi. Baada ya hapo baadhi yao waliacha. Wengine waliendelea, ila walizichemsha zaidi.

Mzaha huo wa sukuma ulidumu miaka, na Mama Atieno mwenyewe aliucheka, mpaka mtoto wake wa mwisho, Ouma, alipojifunza kutembea. Alipita chini ya waya akacheza relini asubuhi moja. Siku chache baadaye aliharisha na kutapika hadi macho yakazama. Alilazwa zaidi ya wiki. Niliketi na mama yake kwenye benchi la hospitali, buti zangu zikiwa bado na tope. Hakulia. Aliniambia kwa sauti ya kawaida, kana kwamba ananiuliza saa: "Bwana Afya, wewe unaandika kila siku. Nani anasoma?"

Ouma alirudi nyumbani akiwa kichwa na macho tu, lakini alirudi. Siku hiyo Mama Atieno aliingia shambani kwake peke yake akang'oa sukuma zote, mstari kwa mstari, akazitupa. Kisha akazunguka nyumba kwa nyumba. Wanawake wa mtaa wakakubaliana kwamba mwezi ukiisha na treni bado inawamwagia uchafu, watakwenda kuketi juu ya reli.

Mzee Kilonzo aliposikia, alivua kofia. Kuzuia treni lilikuwa kosa kubwa, na mke wa mhudumu akiizuia treni ya mumewe, anayefukuzwa ni mume. Nyumba za Makongeni hazikuwa za mtu. Zilikuwa za kazi. Kazi ikiondoka saa nne, gari la kuhamisha vyombo lilikuwa mlangoni saa nane. Baba Atieno na mkewe walikuwa na watoto sita na hawakuwa na kwingine kwa kwenda Nairobi nzima.

Niliwakuta wakilizungumza jambo hilo mlangoni pao, mume akiwa bado na sare ya kazi.

"Mama Atieno," alisema, "treni utakayoisimamisha ni yangu."

"Vizuri. Utashuka unisalimie. Siku zote unapita tu."

Baba Atieno aliniangalia mimi kana kwamba afya ya umma ilikuwa na dawa ya hilo. Mwezi huo huo nilitumwa pwani, kujifunza kazi ya afya bandarini kwa wiki mbili. Nilidhani sitapata la maana, kwa kuwa Makongeni haina meli.

Afisa mmoja wa bandari, mzee wa Kipwani mwenye kanzu safi chini ya koti la kazi, alinichukua kwenye meli ya mizigo iliyokuwa imetia nanga. Alikwenda moja kwa moja mpaka koki ya maji ya vyooni, akaifunga, akaizungushia waya, akaupiga waya ule lakiri ya risasi, muhuri wa madini usiofunguka bila kukatwa. Koki isifunguliwe mpaka meli itoke bandarini. Nikamuuliza kama manahodha hawalalamiki. Akasema wanalalamika kwa lugha nyingi. "Lakini ndani ya bandari, mwanangu, meli ni mgeni, na mgeni hajisaidii sebuleni." Kisha akanionyesha kopo lililojaa lakiri alizozikuta zimekatwa kwa siri. Marufuku, alisema, haikai kwenye karatasi. Inakaa kwenye miguu ya yule anayekwenda kuangalia kila siku. Andikeni hilo nyuma ya madaftari yenu.

Nilirudi na treni ya pwani, katika behewa la Baba Atieno. Asubuhi tulisimama kwenye ishara ya Makongeni, na kwa mara ya kwanza nikauona mtaa wangu kutoka upande ule. Hapa lazima nikiri jambo. Nilikuwa nimekunywa chai vikombe viwili. Nilijua yote niliyoyajua, na bado niliinuka, nikaenda mpaka mlango wa choo, nikashika kitasa. Kupitia dirishani nilimwona Mama Atieno amesimama kwenye uzio, mikono kiunoni, akiangalia chini ya magurudumu. Nikarudi kuketi. Sitadai kwamba ilikuwa rahisi, ila tangu siku hiyo sikuwahi kuwaita abiria wale wachafu.

Niliandika barua kwenda makao makuu nikieleza ya bandarini na kuomba vyoo vya treni vifungwe vivyo hivyo kabla ya Makongeni. Tuliitwa, mimi na Mzee Kilonzo, mbele ya bwana mmoja aliyekuwa msaidizi wa mkuu wa treni za abiria. Jina lake nalihifadhi, ana wajukuu. Nitamwita Bwana Msaidizi. Alikuwa kijana aliyesomea ng'ambo, mwenye vifungo vya fedha kwenye mikono ya shati. Alisoma barua yangu kwa sauti akicheka.

"Afisa, unataka kunifundisha kwamba Nairobi ni bandari?"

Nikasema Nairobi sijui, lakini Makongeni ni bandari. Akasema hayo ni malalamiko ya akina mama na hayana ushahidi. Mzee Kilonzo aliweka daftari langu juu ya meza. Nilikuwa nimeandika kila asubuhi kwa miezi miwili kabla ya kwenda pwani: treni ilifika saa ngapi, ilisimama dakika ngapi, behewa gani lilidondosha, mara ngapi, na nini. Harufu haikutajwa popote. Bwana Msaidizi alisoma ukurasa mmoja, kisha akaisogeza chai yake mbali.

Amri aliiandika papo hapo, na ilikuwa kali kuliko tulivyoomba. Wahudumu wafunge vyoo vyote treni inapoondoka Athi River, kabla ya kuingia Nairobi, na visifunguliwe "kwa sababu yoyote, wala kwa ombi la mtu yeyote," mpaka treni ianze safari nyingine. Nilimwomba aongeze jambo moja: treni ingojee nafasi yake nyuma, uwandani, mahali pasipo na nyumba. Alikataa. Ratiba ya treni, alisema, haiwezi kupangwa na wakulima wa sukuma. Hata hivyo yeye mwenyewe angesafiri kutoka pwani siku ya kwanza ya amri ili aione ikitekelezwa.

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya mwezi. Wanawake nao walikuwa hawajasahau. Mama Atieno aliniambia wazi kwamba watakuja kwenye uzio na kuangalia. Likidondoka lolote, wataketi relini.

Basi asubuhi ile nilikuwa hapo na daftari langu, Mzee Kilonzo ameegemea fimbo, na wanawake kama thelathini wamejipanga kwenye kijia wakiwa wamejifunga leso viunoni. Wengine walikuja na vigoda. Treni ikaja taratibu, ikaukuta mkono umenyooka, ikasimama.

Yaliyokuwa yametokea ndani niliyapata baadaye kutoka kwa Baba Atieno. Alikuwa ametimiza amri barabara. Aliwatangazia abiria mapema, foleni zikaisha, na treni ilipoondoka Athi River akapita na ufunguo wa mabehewa, ambao hufunga mlango kwa nje hata kama komeo la ndani halijaguswa. Kila mlango alikohoa kwanza, kama alivyolelewa Makongeni. Wa daraja la tatu walimjibu kwa kukohoa, akangoja watoke, akafunga. Wa daraja la pili vivyo hivyo. Choo cha mwisho kilikuwa cha daraja la kwanza. Akakohoa. Kimya. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi, kwa heshima ya daraja. Kimya. Akazungusha ufunguo.

Ndani alikuwamo Bwana Msaidizi. Yeye alikulia kwenye nyumba ambayo choo ni cha watu wachache na kina komeo. Alisikia kikohozi mara mbili na, kama alivyoeleza baadaye, alimhurumia mhudumu kwa kuwa alidhani ana kifua.

Alipogundua amefungiwa aliona aibu kupiga kelele katika daraja la kwanza. Aligonga kwa pete yake, kistaarabu, na magurudumu yakaumeza mlio huo kutoka Athi River mpaka Makongeni. Haja iliyompeleka humo aliizuia njia nzima, maana alitarajia mlango ufunguliwe wakati wowote. Lakini treni ilipotulia, tulimsikia sote. Kioo cha dirisha la choo kilikuwa cha ukungu na kilifunguka juu kidogo tu. Ukatokea mkono wenye kifungo cha fedha.

"Kuna mtu humo," alisema Mama Atieno.

"Mhudumu," sauti ikasema. "Fungua mlango."

Baba Atieno alishuka ngazi za behewa, ufunguo mkono mmoja, karatasi ya amri mkono wa pili. Alikuwa ameitambua sauti. Alinijia mimi, uso umekuwa kama majivu, akanionyesha mstari ule kwa kidole. Akifungua, amevunja amri siku ya kwanza, mbele ya mwenye kuiandika. Asipofungua, amemfungia bosi chooni. Kwa njia yoyote, akasema, nyumba imekwenda. Mkewe alikuwa karibu, akayasikia. Kwa mara ya kwanza mwezi ule mzima aliacha kuiangalia treni, akamwangalia mumewe.

Nilivuka shamba tupu mpaka chini ya dirisha.

"Bwana Msaidizi, ni Wanjiru wa afya."

"Afisa, mwambie huyu mtu afungue."

"Ana amri, bwana. Imeandikwa, wala kwa ombi la mtu yeyote."

"Nimeiandika mimi."

"Ndiyo maana anaiogopa."

Wanawake wote thelathini walikuwa wameinama, mikono magotini, wakichungulia chini ya behewa. Naona naye aliwaona kupitia ule upenyo.

"Waambie wasiangalie."

"Hawakuangalii wewe, bwana. Wanaangalia chini."

Akauliza treni itasimama pale kwa muda gani. Nikamwambia inategemea stesheni kuu. Mara nyingine hufika nusu saa.

"Nusu saa?"

"Iko kwenye daftari, ukurasa wa pili. Hukufika?"

Mkono ulishika ukingo wa dirisha, na nikaona vidole vinabadilika rangi. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya chini, ya mtu na mtu mwenziwe.

"Afisa. Mimi siwezi nusu saa."

Mzee Kilonzo, aliyekuwa nyuma yangu, akasema polepole, "Sasa amesoma."

Nilichana karatasi kutoka daftarini. Sikuwahi kuchana daftari la kazi kabla ya hapo wala baada ya hapo. Tulimpitishia karatasi na kalamu kwa ncha ya fimbo ya Mzee Kilonzo. Nilimwambia ni mambo mawili tu yanayohitajika. La kwanza, treni ingojee nyuma ya Embakasi, uwandani, na isipite huko mpaka stesheni kuu iwe na nafasi. La pili, mhudumu aruhusiwe kumfungulia mtu aliyefungiwa ndani. Aliandika upesi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona wa makao makuu. Aliweka sahihi, na hata cheo.

Baba Atieno aliipokea ile karatasi, akaanza kuisoma kwa kidole. Alikuwa mtu mwenye nyumba ya kupoteza na hakutaka kuruka neno. Alifika mwisho, akarudia mwanzo.

"Mhudumu," sauti ikasema.

"Baba Atieno," mkewe akasema, "soma polepole. Kazi haitaki haraka."

Alimaliza, akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa ndani, akapanda ngazi, akafungua. Mlango ulifunguka kidogo, ukafungwa tena kutoka ndani. Bwana Msaidizi hakuwa na nia ya kutoka. Wanawake waliinama zaidi. Na mimi niliinama, kwa sababu ndiyo kazi niliyoajiriwa.

Mkono wa ishara ukainama. Treni ikapiga honi, ikashtuka, gurudumu likasogea. Mpaka linasogea hapakuwa pamedondoka kitu, nami niliandika hivyo: alisubiri. Kilichofuata kilifuata treni ikiwa inatembea, na kwa treni inayotembea sheria ya kibao ilikuwa haina neno. Mama Atieno alijifungua leso kiunoni. Hakuna aliyeketi relini.

Kuanzia wiki iliyofuata treni ya pwani ilingojea uwandani, nyuma ya Embakasi, ikapita Makongeni bila kusimama. Nami nilikwenda kuangalia kila siku kwa miezi mingi, kama nilivyofundishwa bandarini, na mara mbili nilikuta mhudumu amefungulia watu kwa kuhongwa maembe. Nawaambieni ukweli pia: hatukuuondoa uchafu. Tuliuhamishia kwa ng'ombe wa uwandani, kabla ya Athi River. Nilipoandika hivyo katika ripoti ya mwaka, nikaomba matangi chini ya mabehewa, nilijibiwa kwamba ombi limepokelewa. Bado limepokelewa. Siku hizi huko uwandani nako watu wamejenga nyumba, na hilo nawaachia nyinyi.

Lakini Baba Atieno alikuwa hajapona. Amri mpya ilimruhusu kufungua mlango. Haikusema lolote juu ya kuufunga. Kumfungia afisa mkuu chooni lilikuwa kosa ambalo hata kitabu cha sheria za kazi hakikuwa kimelifikiria. Tulingoja barua ya kumfukuza. Mama Atieno alipanga sufuria zake kwenye katoni, akakunja mapazia, akamtuma Atieno, binti yao mkubwa, aulize chumba cha kupanga Mathare. Alipika kwa sufuria moja. Niliwapitia kila jioni nikitoka kazini, na kila jioni katoni zilikuwa pale pale karibu na mlango, zimefungwa kwa kamba ya mkonge.

Wiki zikapita. Mwishowe nilikwenda makao makuu kumwona karani wa nidhamu, niliyemfahamu kwa kuwa nilimtibia mfereji wa nyumbani kwake. Nikamuuliza faili imefika wapi. Alicheka mpaka akafuta miwani.

Bwana Msaidizi alikuwa amechukua fomu ya mashtaka. Alijaza jina la mshtakiwa, namba yake ya kazi, tarehe na namba ya behewa, kwa mwandiko mzuri. Halafu alifika mstari wa mwisho, ambapo fomu huuliza mlalamishi alikuwa akifanya nini wakati wa tukio. Hapo kalamu ilisimama. Fomu ilikuwa na nakala tatu, na ya tatu husomwa na mkuu wake. Alirudi kuomba fomu nyingine, akaandika tena yote, akakwama hapo hapo. Mara ya tatu hakuirudisha, na karani aliambiwa afunge faili.

Nilikwenda moja kwa moja Makongeni, nikamkuta Mama Atieno ameketi juu ya katoni akichambua mchele. Nikamweleza yote. Hakushangilia. Aliniuliza tu kama ile nafasi ya kuandikia jibu ilikuwa kubwa.

Nikamwambia ni mstari mmoja.

"Hautoshi," akasema. Akainuka, akaweka ungo chini, akaanza kuifungua ile kamba.